Saa za mwanafunzi wa Likasi zinaenda wapi?

Ndugu vijana, wasichana na wavulana wa Likasi, wa Kikula, wa Panda na wa Shituru,

Kuko neno moja tunalisikia kila siku, kwenye taksibusi, kanisani, ata kwenye matanga. Mukubwa mumoja akiona kijana wa iniversite amekaa mbele ya mulango saa tano ya asubui, anatikisa kichwa: «Batoto ya leo habapendi masomo. Banashinda tu ku simu.» Watu wanacheka, na neno linapita kama vile ni ukweli.

Hatutaki kulijibu kwa hasira. Tunataka kulijibu kwa hesabu. Mwanafunzi wa muji wetu ana saa 24 kama mutu mwingine yeyote. Tuzihesabu pamoja, tuone zinaenda wapi, nani anazikula, na nani anapaswa kuzirudisha.

Hesabu ya kwenye karatasi

Tuanze na hesabu ya Leta yenyewe. Sheria ya mafundisho ya tarehe 11 Februari 2014 njo ilifungulia LMD mulango katika inchi yetu, maana yake Lisansi, Masta na Dokta. Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022, mupango huo umesambazwa kwenye iniversite na masomo ya juu. Zamani tulikuwa na miaka tatu ya gradua, kisha miaka mbili ya lisansi. Leo lisansi ni miaka tatu, na masomo yanahesabiwa kwa krediti.

Krediti ni nini? Wengi wetu tunaijua kama namba tu kwenye karatasi ya deliberasyo: umepata, haujapata. Lakini krediti ni saa. Krediti moja ni saa 25 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mumoja ni krediti 60. Fanya hesabu: 60 mara 25 ni saa 1.500. Tuseme mwaka una majuma 30 ya masomo. Inatoka saa 50 kila juma. Kwa siku sita, ni saa nane na zaidi kila siku.

Sasa sikilizeni vizuri. Saa hizo si za kukaa ndani ya oditwari tu. Sehemu nzuri ni ile inayoitwa kazi ya mwanafunzi mwenyewe: kusoma kitabu, kufanya mazoezi, kutafuta, kuandika, kukutana na wenzake. Kwa hiyo, kufatana na hesabu ya Leta, kijana aliyekaa chini ya muembe na daftari lake saa tano ya asubui yuko kazini. Hajakimbia masomo. Yuko ndani ya krediti.

Karatasi inasema vizuri. Lakini ile kazi ya mwanafunzi mwenyewe inaomba vitu: fasi ya kukaa, mwangaza, kitabu, na saa moja ao mbili ambazo hakuna mutu anakuita. Hapo njo hesabu ya karatasi na hesabu ya lupango zinaanza kugombana.

Mbele ya kuingia somoni

Saa kumi na moja ya asubui mutaa unalala bado. Mutu anapiga kelele: «Mayi inakuya!» Ndani ya dakika mbili bidoni zote ziko inje. Robine moja, lupango sita, saa moja na nusu ya kusimama kwenye mustari. Nani anachota? Si baba aliyerudi usiku. Si mutoto wa miaka ine. Ni yule anayeitwa «muzima» wa nyumba, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi. Na siku ambayo maji hayakuya, saa inakuwa ndefu zaidi, juu inabidi kuyafata mbali.

Kisha njia. Mwenye kukaa mwisho wa Kikula ao upande wa Panda anajua: nauli ya kwenda na kurudi, siku sita kwa juma, ni feza ya unga wa bukari. Basi anatembea. Saa moja ya kwenda, saa moja ya kurudi, na jua kichwani ao mvua ya Januari miguuni. Anafika amechoka mbele ya mwalimu kufungua kinywa.

Tukihesabu maji na njia peke yake, mwanafunzi huyo amekwisha kutoa saa tatu na zaidi. Hakuna krediti inayozihesabu.

Kungoja

Somo limeandikwa saa mbili. Saa tatu, hakuna mutu. Saa ine, CP anapiga simu. Saa tano CP anarudi na uso wa kukunja: «Profesa hatakuya leo. Anasema kesho.» Vijana mia moja wanachukua mifuko yao. Mia moja mara saa tatu ni saa mia tatu, zimekufa asubui moja, na hakuna ata mutu mumoja aliyezilia.

Tuwe wa haki. Masomo mengi hapa kwetu yanafundishwa na maprofesa wanaotoka Lubumbashi. Ni karibu kilometa 120 kwenye barabara ya taifa namba 1, ileile inayobeba makamio ya shaba na kobalti kutoka Kolwezi mpaka Kasumbalesa. Kamio moja likianguka, siku imekwisha. Na profesa naye anafundisha fasi tatu ao ine kusudi aishi. Mwanzoni mwa 2022 maprofesa wa iniversite za Leta katika inchi nzima waliweka kazi chini kwa sababu ya mishahara na ahadi zisizotimizwa. Hatusahau hilo, na hatutafuti adui katika mutu anayetufundisha.

Lakini kungoja kuna mutoto wake, na mutoto huyo anaitwa haraka. Profesa akifika, somo la saa 45 linamalizwa kwa siku ine, kutoka asubui mpaka giza, bila kupumua, bila mazoezi. Pahali niliposoma mimi niliona masomo mengi yakipita hivyo. Siku ya tano ni mutihani. Ile kazi ya mwanafunzi mwenyewe, ambayo karatasi inaisifu, inafanyika saa ngapi? Usiku mumoja, na kahawa. Kisha wanasema kijana wa leo anakariri tu, haelewi. Ataelewa saa ngapi?

Na kuko silabusi. Somo lingine mulango wake ni silabusi: usiponunua, unaanza kuogopa alama zako. Basi mwanafunzi anazunguka siku mbili kutafuta feza, siku ya tatu anangoja fotokopi, siku ya ine ananunua mega kusudi apakue kitabu ambacho kingeweza kutumwa bure kwa promosyo nzima ndani ya dakika moja. Maarifa ambayo yanauzwa kama nyanya yanamaliza feza, ndiyo. Lakini yanamaliza siku pia.

Mangaribi: saa zinauzwa

Saa tisa, saa kumi, masomo yamekwisha. Wengi hawarudi nyumbani. Wanaenda kwenye kibanda cha unite, kwenye meza ya soko, kwenye saluni ya kusuka, kwenye pikipiki ya kukodi, ao wanafundisha watoto wa jirani hesabu na Kifaransa. Wengine, siku za mapumziko, wanashuka kwenye machimbo na kurudi na vumbi mpaka ndani ya masikio. Si muchezo. Feza hiyo njo inalipa minervali, kodi ya chumba na staji.

Wazee wengine wanatuuliza: «Sisi tulisoma bila kuuza unite. Ninyi muko na shida gani?» Ni ulizo zuri, na jibu liko ndani ya historia.

Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa Lovanium walishuka barabarani Kinshasa. Kati ya mambo waliyodai kulikuwa bursi: iongezwe. Waliomba pia sauti katika uongozi wa iniversite yao. Askari wakafyatua risasi, na vijana wakafa. Tunawakumbuka kwa heshima. Lakini angalieni jambo moja lililofichama ndani ya habari hiyo: walidai bursi iongezwe, ni kusema bursi ilikuwako. Bursi ni nini? Ni inchi kununua saa za kijana. Inamwambia: usiende kuuza sokoni, saa zako nimekwisha kuzilipa, wewe soma.

Hapa kwetu Likasi kulikuwa namna nyingine. Baba alifanya kazi Gécamines, kwenye fabriki ya Shituru ao kwenye ateliye za Panda. Shule ilikuwa ya kampuni, hospitali ya kampuni, unga ulifika nyumbani. Mutoto alikuwa na saa zake. Kisha kampuni ikaanguka, mishahara ikasimama kwa miezi na miezi, na katika 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakatoka kwa ule mupango ulioitwa «kuondoka kwa kupenda», uliolipiwa kwa musaada wa Banki ya Dunia. Walipewa feza mara moja, kisha kwisha. Wengi wetu tuko watoto na wajukuu wa watu hao. Mama aliingia sokoni, na sisi nyuma yake.

Kwa hiyo jibu kwa wazee ni hili, kwa heshima yote: saa zenu zilikuwa na mutu wa kuzilipa. Zetu hazina. Kitu kisicho na mulipaji kinauzwa kwa bei yoyote.

Usiku

Tunafika usiku, saa ambayo mwanafunzi angeweza kupona. Maji yamechotwa, biashara imefungwa, watoto wamelala. Anafungua daftari. Umeme unaenda.

Tunaishi karibu na nguvu. Mwadingusha na Koni, kwenye muto Lufira, haziko mbali na hapa. Mwadingusha inatoa umeme tangu 1930. Nyaya kubwa tunaziona na macho yetu zikipita. Usiku mwingine sauti ya fabriki inasikika vizuri sana, kwa sababu mutaa wote uko kimya ndani ya giza. Mwanafunzi anawasha buji ao taa ya simu. Simu inakufa saa ine ya usiku. Na kesho yake saa tano ya asubui anatafuta fasi ya kuchaji, anakaa mbele ya mulango wa mutu mwenye paneli, na simu mukononi. Hapo njo mukubwa anapita na kutikisa kichwa: «Banashinda tu ku simu.»

Dada zetu wanalipa mara mbili

Hesabu yote tuliyofanya ni ya kijana mwanaume. Tuiongeze kwa musichana.

Kaka na dada wanasoma promosyo moja, wanarudi saa moja. Kaka anavua viatu. Dada anaingia jikoni: bukari, majani, vyombo, kuogesha watoto. Saa mbili zaidi, kila siku. Kwa mwaka ni mamia ya saa. Kisha matokeo yakitoka, tunasema wasichana wanaanguka kwenye masomo magumu. Ungempa kaka zile saa, na ungemuwekea dada sufuria zake kando kwa miezi mitatu tu, tungeona nani anaanguka.

Na kuko jambo lingine ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini. Musichana anaambiwa arudi kuona alama zake mangaribi, peke yake, fasi ambayo si biro. Kwenye barabara yenye giza anaogopa. Mbele ya mulango ule anaogopa zaidi. Somo la mangaribi analiacha, mukutano wa kikundi anauacha. Saa hizo pia zimeibiwa, na mwizi wake si umeme. Sisi kama vijana wanaume, tusijifanye hatujui. Alama zinatolewa mchana, kwenye biro, mulango wazi. Hakuna mazungumzo juu ya hilo.

Na sisi wenyewe?

Ndiyo, kuko saa tunazozikula sisi wenyewe. Kuko wenye kukaa usiku mzima na video za simu, na wenye kuweka mutihani wa kesho chini ya chupa ya leo. Kuko promosyo ambazo wakubwa wanawashikilia wale wapya wa mwaka wa kwanza siku nzima kuwatuma na kuwafanyia mateso wanayoyaita desturi. Mutu anayelia kwamba Leta inamuibia saa, kisha yeye anaiba saa za mudogo wake, hana neno la kusema mbele ya Leta.

Lakini tusichanganye mambo. Mukulima anayelala mpaka saa ine ni muvivu. Mukulima ambaye ameamuka saa kumi na moja na amenyanganywa jembe, si muvivu. Kati ya vijana tunaowajua ndani ya muji huu, wa namna ya pili njo wengi.

Saa inageuka mwaka, mwaka unageuka maisha

Kwa nini tunasumbuka na saa, wakati kuko mambo makubwa kama vita, kura na mikataba ya madini?

Kwa sababu saa hazipotei bure. Zinageuka miaka. Somo halikwisha, sesyo inasukumwa. Sesyo inasukumwa, mwaka unaingia ndani ya mwaka mwingine. Masomo ya miaka mitano yanakuwa sita, yanakuwa saba. Kila mwaka wa ziada ni kodi nyingine, minervali nyingine, mama mwingine anayeuza kitambaa chake cha harusi.

Mimi ninayeandika niko na diplome. Iko ndani ya farde, imefungwa vizuri na plastiki, mvua haiwezi kuigusa. Niko na miaka 25 na kidogo, na kazi sina. Nikisoma matangazo ya kazi, naona mambo mawili tu: umri usipite hapa, na uzoefu wa miaka mitatu. Uzoefu ungetoka wapi? Ungetoka kwenye staji ya kweli, kwenye laboratware, kwenye ile kazi ya mwanafunzi mwenyewe, kwenye lugha ya pili ambayo ungejifunza mangaribi. Ni zilezile saa tulizokuwa tunangoja kwenye mulango wa oditwari. Umri nao ulikwenda wapi? Ulikwenda palepale. Saa zinaibiwa ungali mwanafunzi, lakini deni unalipa ukiwa shomeri.

Katiba ya 2006, kwenye artikolo ya 36, inasema kazi ni haki na ni wajibu mutakatifu. Artikolo ya 42 inasema wakubwa wa Leta wana wajibu wa kulinda vijana. Kumulinda kijana si kumupa tisheti wakati wa kampanye. Kumulinda ni kuanza na kitu alicho nacho, na kitu cha kwanza alicho nacho ni saa.

Tunaomba nini

Hatuombi iniversite ya vioo. Tunaomba mambo matano, na kila moja lina mwenyewe.

La kwanza: fasi moja ya kusomea ndani ya kila komine, Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Vyumba vinne. Meza, viti, paneli za jua, mulinzi, mulango wazi mpaka saa tatu ya usiku, na choo kinachofungika kwa ndani kusudi dada zetu wakae bila woga. Feza itatoka wapi? Kodi ya madini ya 2018 inasema wazi namna ya kugawanya redevansi: 50% serikali kuu, 25% province, 15% muji, komine, sekta ao sheferi pahali madini yanachimbwa, na 10% mufuko wa vizazi vijavyo. Wakubwa wa muji na wa komine watuonyeshe kwenye ubao, kila miezi mitatu, ile sehemu imeingia kiasi gani na imefanya nini. Mwanafunzi anayesoma na buji karibu na shimo la shaba ana haki ya kuuliza.

La pili: mupango wa umeme unaojulikana. Kama ni lazima kukata, wale wanaosimamia umeme waandike siku na saa za kila mutaa, na washike neno lao. Giza linalojulikana mutu anaweza kulipanga. Giza la kushtukiza linakula juma nzima.

La tatu: orere ya masomo itangazwe mbele ya mwezi kuanza, na profesa akikosa, promosyo ijulishwe siku moja mbele. Simu moja ya mangaribi inaokoa saa mia tatu za asubui.

La ine: silabusi zitumwe kwa fayili, bure. Anayetaka karatasi atanunua kwa kupenda. Alama hazina uhusiano na kununua.

La tano: alama na karatasi za mitihani zionyeshwe mchana, kwenye biro, mbele ya mushahidi.

Daftari ya saa

Wakubwa watatuambia: «Munasema tu. Ushuhuda uko wapi?» Basi tuulete.

Kuanzia Siku ya Kwanza inayokuja, kwa majuma mawili, kila mwanafunzi anayetusoma achukue daftari, la karatasi ao ndani ya simu. Kila usiku, mbele ya kulala, aandike mustari mumoja: saa za oditwari, saa za kungoja mwalimu, saa za maji, saa za njia, saa za kazi ya feza, saa za kazi ya nyumba, saa za giza, na saa alizosoma kweli. Aandike pia zile alizozipoteza mwenyewe. Tunataka hesabu ya kweli, si hesabu ya kulia. Juu ya mustari aandike kama ni musichana ao muvulana, na komine anamokaa. Basi.

Musiandike jina lenu. Musiandike jina la mwalimu yeyote, wala la musimamizi. Hatutafuti kumufukuza mutu, na hatutaki mwanafunzi ata mumoja ahangaikishwe kwa sababu ya daftari. Kama kuko jambo zito la kunyanyaswa, hilo haliingii ndani ya daftari. Leteni kwetu kwa siri, kwa dada ao kaka munayemuamini ndani ya kikundi, naye atatafuta pamoja nanyi namna ya kulifikisha kwa mwenye sheria.

Majuma mawili yakiisha, ma-CP watakusanya. Tutajumulisha, tutapiga chapa karatasi moja tu, mbele na nyuma, na tutaipeleka kwenye komine nne, kwenye meri, na kwenye viongozi wa masomo ya juu ya muji. Tutaenda kwa miguu, kwa amani, mikono mitupu, kila mutu na daftari lake. Tutaomba tarehe ya jibu, na tarehe hiyo tutaiandika hapa kusudi wote waijue.

Na ninyi wazazi ambao munasoma maneno haya kwenye simu ya mutoto: wakati wa mitihani, ile bidoni ya asubui, mugawanye. Kaka achote, baba achote. Dada akiwa na daftari mukononi, sufuria ingoje. Hiyo haiombi feza, haiombi sheria, na inaweza kuanza leo mangaribi.

Vijana, kalamu ziko? Siku ya Kwanza tunaanza. Mupashe CP wa promosyo yako habari leo hii, na yule rafiki asiye na mega, umusomee kwa sauti.